Mraba wa Saba

Karklė, mwezi wa tatu. Bahari ya Baltiki ina rangi ya chuma
na upepo unatupekua mifukoni kama askari wa forodha.
Tumepima mita mia moja kwa kamba,
tumechora miraba kumi pale maji yalipoishia jana,
na mimi nimepewa wa saba.

Mwalimu Vilhelmina amekataza sweta za nailoni.
Mwaka jana, anasema, darasa lilihesabu
nyuzi nyekundu kumi na tatu, likashangilia,
kumbe zote zilichomoka mkononi mwa Domantas.
Basi leo tumevaa pamba, tunatetemeka
kwa ajili ya ukweli.

Mchanga wa juu tu, kina cha sentimita mbili.
Kijiko cha chuma, ndoo ya bati,
kisha maji ya chumvi, chumvi nyingi,
chumvi hadi kijiko kichoke kuzunguka.
Mchanga huzama.
Plastiki, aghalabu, hupanda juu kujitangaza.

Mraba wa tatu: arubaini na moja.
Mraba wa tano: kumi na sita, na kipande cha buluu
ambacho Rusnė anaapa kimetoka
kwenye kifuniko cha maziwa ya kwao.
Mraba wa saba, wangu:
chembe moja.
Ya manjano, ndogo kuliko punje ya mtama,
inaelea katikati ya bakuli kama iliyoalikwa.

Na kwetu hapa hata mtoto wa chekechea anajua:
kaharabu nayo huelea kwenye chumvi,
utomvu wa misonobari iliyoanguka
kabla hajazaliwa mtu wa kuipa jina.

"Ikiwa ni kaharabu," mwalimu akasema, "andika sufuri."
Sufuri! Saa mbili za baridi, vidole vimekufa ganzi,
niandike sufuri, na Domantas ana arubaini na moja?
"Sufuri pia ni namba," akasema,
akainama kumfunga mtoto mwingine kamba za viatu.

Nikaibeba hadi kwa bibi, ndani ya kibweta cha vidonge.
Bibi alitoboa kaharabu miaka thelathini, karakana ya Klaipėda;
kucha zake bado zina vumbi lisilooshwa.
Hakuuliza kitu. Akawasha mshumaa,
akashika sindano kwa koleo mpaka ncha ikaiva.
"Ya kweli hunukia msitu," akasema.
Akagusa. Tukainama pamoja, vichwa vikagongana,
na jikoni pakanuka
redio iliyoungua.

Moja, basi.
Nilifurahi, sitaficha. Nikaandika moja kwa wino mzito,
kisha nikaona haya, kwa kuwa nilikuwa nimeiombea bahari uchafu
ili nisirudi shule mikono mitupu.

Ndipo nikautazama mkufu shingoni mwake,
shanga thelathini na mbili, rangi ya asali ya zamani.
Sindano ilikuwa bado ya moto.
"Bibi, na hizo?"

Akaitumbukiza sindano kwenye chai yake. Tsss.
"Babu yako alizinunua stesheni kwa mtu asiyemjua,
mwaka ule nyama ilikuwa hadithi.
Hizi hazimo kwenye mraba wenu."
Akainywa ile chai, sindano ikigonga kikombe.

Jumatatu nikajaza jedwali:
mraba wa saba, chembe moja, manjano, milimita mbili,
nusu imeyeyuka wakati wa kupimwa.
Chini yake nikaruka mstari mmoja.
Mwalimu akauliza, huu mtupu ni wa nini?
Nikamwambia kuna sampuli ambayo mwenyewe amekataa.
Akazungusha kalamu kidogo, akitazama dirishani,
akageuza ukurasa, akauacha.